Kibati Kilichohesabu Pumzi Zetu

Mwaka wangu wa kwanza Amerika niliamini, kwa moyo wangu wote na akili zangu zote, kwamba majiko ya mafuta ya kupashia nyumba joto yanahesabu watu. Aliyeniambia ni jamaa mmoja wa kwaya ya kanisa letu kule Louisville, mtu aliyevaa tai kila siku, hata akienda kufua, na mimi wakati ule niliona mtu wa tai hawezi kudanganya. Alisema kwenye bomba la moshi la majiko hayo kuna kibati cha duara kinachoning'inia kama ulimi, na kila mtu akivuta pumzi ndani ya nyumba, kibati kinatikisika. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anakuja, anakisoma, anajua mmelala wangapi. Kuna familia huko Buffalo, alisema, ilipokea wageni wa harusi, wakapumua kwa raha zao, na kesho yake vitu vyote vilikuwa barabarani, theluji imeshafunika kabati mpaka mabegani. Nikamuuliza, sasa mtu afanye nini? Akakaza tai yake akasema, "Apumue kidogo kidogo." Nilimshukuru. Siku kadhaa nilijizoeza kupumua kidogo kidogo kwenye basi, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nahitaji ambulansi.

Haya yamenirudia kwa sababu ya Mama Riziki. Juzi juzi alikuja hapa Buffalo, ninakoishi siku hizi, kumwona mjukuu wake mchanga, akapita kwangu kunisalimia. Hatukuwa tumeonana miaka na miaka. Mimi nimeota kitambi, yeye ameota meno mapya ya mbele, mazuri kuliko yale ya zamani. Nilimpikia mwenyewe, maharage na ndagala, yaani dagaa, naye akala kwa adabu zote, yaani akikosoa kila tonge. Tulipofika kwenye chai, upepo wa ziwani ukaipiga nyumba, na kule chini, kwenye besimenti, kikasikika kishindo kidogo ninachokijua vizuri: ta, ta. Mama Riziki akaweka kikombe chini taratibu. "Zabu," akasema, "ile kitu inatuhesabia tena?" Tulicheka mpaka jirani wa juu akaanza kugonga sakafu. Lakini mwaka ule, nyumbani kwake Columbus, hakuna aliyecheka. Tuliishi miezi ya baridi kali tukikitazama kibati kama watu wanaomtazama nyoka chini ya kitanda.

Nilihamia Columbus kwa sababu niliambiwa maghala ya huko yanaajiri hata mtu asiyejua kutaja jina lake kwa Kiingereza. Mama Riziki alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, mimi Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na undugu wetu wote ulikuwa kwamba alinisikia kanisani nikiomba dua ya kupata pa kulala. Alinichukua siku hiyo hiyo. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, nyuma ya maduka ya Morse Road, ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya jikoni, aliye chumbani anajifuta uso. Mkataba uliruhusu watu watano: yeye na watoto wake wanne, wote wakubwa wa kwenda shule. Mimi nilikuwa wa sita, na wa sita hakuwepo. Ndivyo tulivyopatana. Nililala kwenye kochi sebuleni, asubuhi nakunja blanketi langu na kulisukuma nyuma ya pazia, na mtu akibisha hodi mimi ni mgeni niliyepita dakika hiyo hiyo. "Bon," Mama Riziki aliniambia siku ya kwanza, akinipakulia bugali wa muhogo kama mlima, "mu hii nyumba utakula, utalala, utaomba Mungu. Lakini hauko. Umeelewa? Hauko." Nikaitikia, "Sipo, mama," mdomo umejaa. Kama mwenye nyumba angejua, sote tungetoka, na Mama Riziki alikuwa ameisaka nyumba ile kwa mwaka mzima, akikataliwa kila mlango kwa sababu ya wingi wa watoto. Kwa hiyo kutokuwepo kwangu kulikuwa kazi nzito kuliko kazi ya ghalani.

Baridi ilipoanza, ile mashine ya zamani iliyopasha nyumba ikafa. Ilikohoa asubuhi moja kama mzee wa tumbaku, ikanyamaza. Mwenye nyumba alikuja, mzungu mzee aliyeishi mtaa wa Clintonville, mtu wa mashati ya mikono mifupi hata barafu ikining'inia. Hakuwa mtu wa maneno. Aliitazama mashine, akatutazama sisi, akatazama dari, akaondoka. Mtu asiyesema ni wa kuogopwa, maana hujui anajua nini. Baada ya siku chache akarudi na gari la wazi, na nyuma yake, limefungwa kwa kamba na kufunikwa turubai, lilikuwa jiko la mafuta la kahawia, kubwa kama kabati la vyombo. Mama Riziki aliuliza limetoka wapi. Lilitoka nyumbani kwa marehemu mama yake, akasema. Buffalo.

Buffalo! Nilihisi mapafu yangu yakijifunga yenyewe. Nilimvuta Mama Riziki jikoni, nikamsimulia yote: tai, kibati, wageni wa harusi, kabati kwenye theluji. Nilitarajia anicheke. Hakucheka. Mtu aliyehesabiwa kwenye mstari wa mgao, akahesabiwa kwenye lori, akahesabiwa kwenye mahojiano na kuhesabiwa tena uwanja wa ndege, hashangai jiko nalo likianza kuhesabu. Alipangusa mikono kwenye kitenge akasema, "Njo maana ule mzee haulizi kitu. Atauliza jiko."

Aliyetumwa kulifunga alikuwa Mkenya tuliyemwita Injinia. Alikuwa anasoma chuo kile kikubwa cha mjini, amepanga chumba karibu na chuo, na alimfanyia mwenye nyumba kazi za majiko na mabomba. Mtu wa maneno mengi, anayejisifu akiwa amepiga goti, anayejisifu akiwa juu ya ngazi. Alifika asubuhi, watoto wako shuleni, na kabla hata ya kufungua kisanduku cha vifaa akauliza, "Hapa wanalala watu wangapi?"

"Watano," Mama Riziki akajibu upesi. "Paka watano." Kwao paka ni "tu", si mnyama.

"Na wewe, boss?" akanigeukia.

"Mimi nimepita tu kusalimia," nikasema. Nilikuwa na soksi miguuni na mswaki mkononi.

Akanitazama, akatazama kochi, akatazama pazia. Halafu akasema, "Sawa, kwa vile umepita, shika hapa." Ndivyo nilivyogeuka kuwa msaidizi wa mtu niliyemshuku. Nilishika. Aliweka pimamaji juu ya jiko, akaingiza vibao chini ya miguu yake mpaka kiputo cha pimamaji kikasimama katikati, akisema mafuta yakikaa upande mmoja wa chungu cha ndani, moto nao utaegemea upande mmoja kama mlevi. Tukaunganisha bomba la moshi kipande kwa kipande, kila kiungo kikapigwa skrubu. Nilipolishusha kidogo kwa uchovu alinikemea, "Wacha mchezo! Lazima lipande likielekea dohani. Ukililaza, moshi utarudi kulala na nyinyi." Pale bomba lilipoingia kwenye dohani ya matofali, akaziba pembeni kwa saruji ya moto, akailainisha kwa kidole kama mtu anayepaka keki sukari. Hadi hapo nilianza kumpenda. Ndipo akatoa kwenye boksi kipande cha mwisho cha bomba, chenye tawi, na mdomoni mwa tawi, kwenye pini mbili nyembamba, kilining'inia kibati cha duara.

Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga. Tulitazamana. Injinia akakifunga, akakipigia pimamaji, akakisukuma kwa kidole, nacho kikabembea na kurudi, kikabembea na kurudi. Nyuma yake kulikuwa na kijiuzito kwenye skrubu. Injinia akawasha jiko, akasubiri bomba lipate moto, akachukua drili, akatoboa tundu dogo kwenye bomba. Akaingiza kimrija kilichoungana na kipimo chenye mshale, akainamisha kichwa. "Tulieni," akasema, "nisikie linavyovuta." Nilibana pumzi. Naapa nilibana pumzi mpaka nikaona nyota za mchana. Mshale ukatetemeka. Akazungusha kile kijiuzito kidogo, akaangalia mshale, akakizungusha tena, akafungua mlango wa mbele, akaufunga, akaangalia, akaandika kitu kwenye simu yake. Kisha akatuambia dirisha la sebuleni liachwe wazi upana wa kidole, maana jiko nalo linakula hewa ya chumba. Mimi na Mama Riziki tukaitikia kwa pamoja, na alipogeuka tu tukalifunga. Mtu anayetaka kusikiliza nyumba, lazima ataomba dirisha.

Kilichonimaliza ni simu. Alipotoka barazani kuwasha gari nilimsikia akiongea na mwenye nyumba. Kiingereza changu kilikuwa chembamba lakini maneno haya niliyapata sawasawa: liko sawa, wako sawa, usijali, nitapita tena kuwaangalia. Nikarudi ndani, nikayaweka mezani mbele ya Mama Riziki, tukayageuza kama samaki kwenye kikaango. "Kuwaangalia," akasema. "Hakusema kuliangalia jiko?" "Alisema kuwaangalia." "Donc ni sisi," akasema, akaendelea kusonga bugali kwa nguvu ambayo bugali haukuihitaji.

Siku hizi, nikiwa na cheti changu cha shule ya jioni ukutani, najiuliza kwa nini hatukumuuliza tu. Alikuwa anaongea Kiswahili! Lakini unamwulizaje mtu kama anakupeleleza? Akisema hapana, ndilo jibu la mpelelezi, na ukishauliza umemwonyesha una kitu cha kuficha. Kwa hiyo tukafanya uchunguzi wetu. Asubuhi moja, watoto wameondoka, Mama Riziki alikaa kwenye kigoda mbele ya kibati, mimi nikatoka nje kwa mlango wa mbele. Nikahesabu kidogo, nikaingia.

"Ta!" Mama Riziki akapiga kelele. "Imelia! Imekuona!"

Nikatoka tena, nikaingia. Ta. Nikatoka, nikaingia nikiwa nimekunja mwili kama mtoto. Ta. Nikaingia kinyumenyume, labda kitadhani natoka. Ta. Tukajaribu mlango wa nyuma, ule wa jikoni, nikiufungua polepole: kimya. Nikarudia: kimya. Mama Riziki alisimama akapiga makofi mara moja. Tulikuwa tumegundua siri ya Amerika nzima. Kuanzia siku hiyo, wale watano wa mkataba walitumia mlango wa mbele kwa kiburi, na mimi nilizunguka nyuma, kwenye matope na barafu, nikaanguka mara zisizohesabika, na mara moja nilianguka nikasimama nikaanguka tena kabla ya kumaliza kusema "Yesu". Hata wageni wa maombi ya Jumatano tuliwapitisha jikoni, mchungaji akiwa na Biblia na kofia yake, akipita kati ya masufuria. Alipouliza kulikoni, Mama Riziki alimjibu, "Papa Mchungaji, mlango wa mbele uko na mambo yake."

Kisha akaja Noela. Alikuwa mdogo wake Mama Riziki, aliyekuwa Louisville, na mume wake alikuwa amemwacha na mtoto wa miezi michache. Alipiga simu akilia. Mama Riziki hakuuliza mkataba unasemaje. Hata mimi sikutegemea aulize. Wewe ndugu yako analia kwenye simu na mtoto mgongoni, utamwambia kuna kibati? Alisema tu, "Kuja. Utapita nyuma." Wakafika kwa basi, tukawapitisha jikoni, mtoto amefunikwa blanketi mpaka kichwani kama mkate. Lakini jioni hiyo hiyo, tumekaa tunakula sombe, kisamvu cha kwao, na ndagala, wote tumebanana sebuleni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto, kibati kikaanza kubembea chenyewe. Hakuna aliyefungua mlango. Ta. Ta, ta. Mtoto akapiga chafya. Ta! Noela, ambaye alikuwa ameshasimuliwa, akamkandamiza mtoto kifuani. "Dada, twende zetu," akanong'ona. "Tutakupotezea nyumba." Macho yake yalikuwa mekundu na miguu yake bado imevimba kwa safari. Mama Riziki alimwangalia, akakiangalia kibati, na kwenye sufuria mlikuwa mmebaki tonge kubwa la bugali wa muhogo, zito, linalonata.

Hapa mimi na yeye hatujapatana hadi leo. Hapa kwangu Buffalo, na ndagala kinywani, alidai wazo lilikuwa langu. Mimi nakumbuka mkono wake. Alichukua tonge, akalifinyanga, akakiziba kibati nalo kukizunguka chote, ukingo mpaka ukingo, akalainisha kwa kidole kama alivyomwona Injinia akifanya. Joto la bomba likalikausha, na kufikia asubuhi lilikuwa jiwe. Kibati hakikusogea tena. Noela alilala usingizi mzito mpaka mchana. Kwa siku kadhaa tulipumua kama matajiri.

Jumamosi iliyofuata upepo ukaja. Sijaona upepo kama ule. Uliondoa kofia kwenye vichwa vya watu Morse Road na nadhani ziko Canada mpaka sasa. Asubuhi jiko likaanza kunguruma. Mwanzoni tulifurahi, joto hilo, Noela akavua sweta. Kisha mngurumo ukawa wa lori linalopanda mlima na mzigo. Nikaliangalia bomba, na pale juu ya tawi lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Ukuta wa nyuma, rangi ilikuwa imegeuka kahawia na inatoa harufu. Riziki, binti mkubwa, akasema kwa Kiingereza kwamba atapiga simu ya zimamoto, na mama yake akamwambia kwa Kiswahili kwamba akipiga hatakuwa na mama. Zimamoto wanahesabu watu. Hilo kila mtu alilijua. Lakini nyumba ikiungua hapatakuwa na wa kuhesabu. Nikampigia Injinia. Ndiye mpelelezi pekee niliyekuwa na namba yake.

Alipokuja, Noela na mtoto walikuwa chooni, mlango umefungwa, maji yanatiririka ili kuficha sauti. Injinia hakusalimia. Alifunga mafuta, akasimama mbele ya bomba mikono kiunoni mpaka mngurumo ukashuka, wekundu ukafifia. Kisha akainama kwenye kibati. Akagonga kwa bisibisi. Kikatoa sauti ya kigae.

"Hii ni nini?"

Akanusa. Akabandua kipande, akakisaga kwa vidole, akakipeleka puani tena. "Wacha," akasema polepole. "Wacha, wacha. Hii ni ugali?"

"Ya muhogo," Mama Riziki akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha jambo la heshima.

"Mama, mmeziba pumzi ya jiko na ugali? Mnataka kufa? Mnajua nyumba hii ingekuwa majivu? Nani amewafundisha hivi?" Alianza kuchimba kwa patasi, vipande vikiruka sebuleni, na kila kipande kikiruka alizidi kupandisha sauti, mpaka nikaona heri zimamoto. Ndipo mtoto akalia. Maji ya choo hayakufaa kitu. Alilia kwa mapafu ya watu wazima watatu. Injinia akaacha kuchimba. Mama Riziki akaenda akafungua mlango wa choo, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Noela, akaja naye, akasimama mbele ya yule Mkenya. Kidevu chake kilikuwa juu.

"Sasa umebaona bote," akasema. "Huyu, na mama yake, na Zabu. Bon. Sema kweli mbele ya Mungu. Unatuhesabia ule mzee? Hii kitu haitupimi pumzi?"

Injinia aliangalia kibati, akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Nilisubiri acheke. Akaketi kwenye kigoda, patasi magotini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea taratibu.

"Mama, hiki kibati hakihesabu mtu. Upepo ukivuta sana huko juu ya dohani, kinafunguka, kinaingiza hewa ya chumba kwenye bomba, moto usivutwe kupita kiasi. Upepo ukipungua, kinajifunga. Ukifungua mlango, hewa inasukumwa, kinacheza. Ni hivyo tu."

"Na ule mzee?" Mama Riziki akauliza.

"Mzee anajua mko wanane. Ameona nepi kwenye pipa la taka, na suruali za huyu kwenye kamba. Alinipigia juzi kuuliza kama jiko hili litawatosha."